Viumbe wa uani nao wapewe nafasi gazetini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu ya Kiswahili yamelipita kwa muda mrefu, nalo ni raha anayoipata mtu wa kawaida anapopiga picha za ndege, mijusi, kaa, vipepeo na wanyama wadogo anaokutana nao kila siku pale anapoishi na pale anapopita. Picha ya mnyama ikichapishwa gazetini, aghalabu huwa ni ya simba wa Serengeti, tembo wa Tarangire au faru wa Ngorongoro, na chini yake husomwa habari ya mapato ya utalii. Sina ugomvi na simba. Hoja yangu ni kwamba msomaji wa Mbagala, Buguruni au Kigamboni anayeoneshwa picha hizo mwaka nenda mwaka rudi huishia kuamini kuwa wanyamapori ni mali ya mbali, iliyowekwa kwa ajili ya wageni wanaopanda magari ya kufunguka paa, ilhali asubuhi hiyohiyo chozi amefyonza ua la mgomba ulio nyuma ya jiko lake, na mjusi kafiri amemeza mbu juu ya taa ya baraza yake.

Mimi ni mkazi wa Kigamboni na siku za kazi huvuka kwa pantoni kwenda mjini. Sijasomea upigaji picha, wala sina kamera ya lenzi ndefu. Ninachotumia ni simu ya kawaida, ya aina ambayo watu wengi wanayo mfukoni na wanaitumia kupigia picha sahani za chakula na sare za harusi. Raha ninayoizungumzia ni ngumu kumweleza mtu ambaye hajaionja, na sifa za jumla jumla haziwezi kumshawishi yeyote kuchuchumaa mbele ya mgomba saa moja asubuhi huku majirani wakimtazama. Kwa hiyo nitatoa mifano ya viumbe wenyewe.

Nianze na chozi. Dume lake, hasa wale wa kifua chekundu na wale wenye utepe wa zambarau kifuani, akikaa kivulini huonekana mweusi tu, na mtu anaweza kuishi naye miaka mingi akidhani ni ndege asiye na la ajabu. Badili upande, simama jua likiwa mgongoni mwako, msubiri ageuze kichwa, na mara koo lake litawaka kijani au zambarau. Rangi hiyo haimo katika unyoya kama rangi inavyokaa kwenye kitambaa. Hutokana na jinsi tabaka nyembamba mno za unyoya zinavyorudisha mwanga, na ndiyo maana hubadilika kwa kutegemea pembe ya jua na mahali aliposimama mtazamaji. Mpiga picha hulijua jambo hili kwa macho yake kabla hajalisoma popote, kwa kuwa picha za mwanzo hutoka giza tupu, kisha moja hutoka na mng'ao, naye hubaki akijiuliza ni nini kilichobadilika. Jike hana mng'ao huo. Rangi yake ni ya kijivu au kahawia iliyofifia, lakini ndiye mjenzi wa kiota, kile kifuko kinachoning'inia chenye mlango ubavuni, naye hukishona kwa majani makavu na nyuzi za utando wa buibui. Ninayo picha ya jike akichomoa utando kwenye dirisha la choo cha nje. Haina rangi ya kujivunia hata kidogo, na naipenda kuliko zote nilizompiga dume.

Kisha wapo mnana, ambao kwa mwenye minazi si wageni wala si marafiki, kwani huchana makuti mabichi hadi kilele cha mnazi kikabaki vijiti vitupu. Malalamiko ya mwenye shamba nayaelewa. Hata hivyo, kama minazi yenyewe imekwisha kuvamiwa, hakuna sababu ya kuacha kutazama kazi inayofanyika juu yake. Dume ndiye fundi: huanza na kitanzi cha majani, akasimama ndani yake, akasuka kuelekea mbele hadi chumba kikafunga, halafu akaning'inia chini ya mlango akipiga mbawa na kupaza sauti ili jike aje akague. Jike asiporidhika huondoka zake, na kiota ambacho hakikupata mpangaji hunyauka, hugeuka kahawia, na mara nyingi fundi mwenyewe hukibomoa na kuanza upya palepale. Ukipiga picha ya tawi lilelile kila asubuhi, ukisimama mahali palepale, utapata mfululizo unaosimulia habari nzima: viota vya kijani vilivyokubaliwa, vya kahawia vilivyokataliwa, na tawi tupu lililosubiri zamu. Hakuna picha moja katika mfululizo huo ambayo mtu angeitundika ukutani. Zikipangwa pamoja, watoto wa jirani huomba kuziona tena na tena, na hugombana juu ya kiota gani kitashinda.

Safari ya pantoni nayo ina yake. Pale Feri, wavuvi wanapoparua samaki na kutupa matumbo majini, mwewe hushuka kwa mfululizo, huokota utumbo kwa makucha na kuula hukohuko hewani, mkia wake wenye panda ukimpa mwelekeo. Shakwe hufuata nyuma ya boti, na baadhi yao ni wasafiri wanaozaliana visiwani katika Bahari ya Shamu na pwani za Omani. Kumpiga mwewe akila angani kwa simu ni kazi ya kubahatisha, ingawa simu nyingi hupiga picha za mfululizo mtu akishikilia kitufe, na kati ya picha nyingi za anga tupu hutokea moja yenye ndege mzima ndani yake. Hapa niongeze tahadhari kwa wenzangu: eneo la Magogoni lina Ikulu jirani, na busara ni kuiacha simu mfukoni mpaka chombo kimefika upande ambao hakuna wa kumshuku mtu. Ndege wa kupigwa picha hawajaisha Dar es Salaam hata mtu alazimike kuwatafuta penye walinzi.

Na wakati chombo kinasubiri zamu, kunguru wapo. Nazungumza juu ya yule mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili, kwa mujibu wa masimulizi yanayojulikana sana, asaidie kusafisha taka za mji, naye akaenea pwani nzima. Huyu si yule kunguru wetu wa asili mwenye kifua na kola nyeupe. Wengi wetu tumezaliwa tukiwakuta wote wawili, na ni katika kupiga picha ndipo mtu huanza kuona kwamba mwenye kola nyeupe amekuwa adimu mjini huku wa kijivu akijaza kila jalala na kila nguzo ya umeme. Kunguru wa kijivu hula mayai na makinda ya ndege wengine, na nimemwona mnana akimfukuza bila mafanikio. Dar es Salaam iliwahi kuendesha kampeni za kuwatega na kuwawekea sumu, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao wapatao milioni moja. Sitetei kunguru. Lakini hata adui hupigwa picha, na kunguru ni mwalimu mzuri kwa anayeanza, kwa sababu haogopi watu, yupo saa zote, na ana akili inayoonekana machoni: huchovya mkate mkavu kwenye dimbwi, huficha kipande cha nyama chini ya bati, hurudi kukitafuta akihakikisha kwanza kwamba hakuna mwenzake anayemtazama.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni penye mikoko. Mtu anayepita kwa daladala juu ya Daraja la Salender, au upande wa pili kwenye Daraja la Tanzanite lililozinduliwa mwaka 2022, huona kijani cha mikoko mdomoni mwa Msimbazi na pengine yangeyange wachache weupe wamesimama topeni, basi lake likapita. Huku Kigamboni iko mikono ya bahari ambako mtu anaweza kukaa pembeni maji yakiwa yametoka. Ukifika tu, tope huonekana tupu, kwa sababu kaa wote wamezama mashimoni kwa mtetemo wa hatua zako. Kaa kitako, usitikisike, na baada ya muda mfupi macho madogo yaliyo juu ya vijiti huanza kuchungulia, kisha miguu, kisha gando. Madume ya kaa hawa wadogo yana gando moja kubwa kupita kiasi na jingine dogo la kulia chakula, na lile kubwa hulipunga juu na chini ili kuwaita majike na kuwaonya madume wenzao. Kila aina ina mtindo wake wa kupunga. Kando yao hutambaa wale samaki wadogo wenye macho ya kutokeza, ambao hutoka majini wakatembea juu ya tope kwa mapezi, na wakati mwingine dume huinua pezi la mgongoni na kuruka juu kwa majivuno. Hakuna pazia, hakuna tiketi, na sinema yenyewe hurudiwa kila maji yanapotoka. Ninachosisitiza ni ule muda wa kutotikisika, kwa kuwa siku hizi hatuna sababu nyingi za kukaa kitako bila kugusa simu. Hapa unayo simu mkononi na huigusi. Unasubiri kaa akuamini.

Jambo jingine lililonishangaza ni jinsi picha inavyoweza kupunguza hofu ambayo maneno yameshindwa kuipunguza. Kwetu kinyonga huogopwa. Huambiwa ana sumu, huambiwa ni kisirani, na akionekana akivuka njia hupigwa mawe, wakati ukweli ni kwamba hana sumu yoyote na hawezi hata kukimbia. Nilimpiga picha kinyonga kwenye ua wa mchongoma, jicho moja likitazama mbele na jingine likinitazama mimi nyuma, nikaikuza picha hiyo hadi vijipele vya ngozi yake vikaonekana kimoja kimoja. Mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye asingemsogelea kinyonga kwa malipo, aliishika simu yangu kwa muda mrefu na kuuliza jinsi jicho linavyofungwa. Ndipo tulipozungumza juu ya ulimi wake, ambao ni mrefu kuliko mwili wenyewe, na juu ya rangi zake, ambazo hubadilika zaidi kwa joto, mwanga na hali ya moyo wake kuliko kwa kufuata rangi ya jani alilokalia. Kinyonga halisi aliendelea kukaa kwenye mchongoma, na safari hii hakuna aliyeokota jiwe.

Bundi hali yake ni mbaya zaidi, maana yeye hubebeshwa lawama ya vifo. Yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo hupenda kulala kwenye dari za majengo ya zamani, makanisa na maghala, na usiku huwinda panya, ambao huwameza wazimawazima kisha akatapika madonge ya manyoya na mifupa. Ukiyakuta madonge hayo chini ya paa na kuyafumua kwa kijiti utahesabu mafuvu ya panya, na picha ya mafuvu hayo yaliyopangwa juu ya gazeti kuukuu ina nguvu ya hoja kuliko hotuba ya afisa wanyamapori. Sijaweza kumshawishi kila mtu. Yupo mzee mmoja aliyeitazama picha ya mafuvu akasema kwamba sasa amejua kwa nini bundi huleta mkosi: kumbe anakula sana. Nikacheka, naye akacheka, na bundi akaachwa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mchezo wa watu wasio na kazi. Nitawajibu kwa mambo mawili yaliyotokea nchini mwetu. Mwaka 2005 dunia ya sayansi ilitangaziwa kima mpya, kipunji, aliyeonekana katika misitu ya Rungwe na Livingstone kusini na katika msitu wa Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa, na maelezo ya kwanza ya kisayansi juu yake yalitegemea picha, kwa kuwa watafiti hawakutaka kumuua mnyama adimu namna ile ili tu wapate ngozi ya kuhifadhi makumbusho. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua kwa jina hilo tangu zamani. Kilichokosekana ni picha ya kuwafanya wengine wawaamini. Mwaka huohuo wa 2005, kamera za kutega katika Udzungwa zilimnasa sengi mkubwa mwenye uso wa kijivu, yule mnyama wa pua ndefu inayopindapinda, na mwaka 2008 akatambuliwa rasmi kuwa ni aina mpya. Simwahidi msomaji kwamba atagundua aina mpya nyuma ya jiko. Namkumbusha tu kwamba picha yenye tarehe na mahali ni ushahidi, hata ikiwa ni ya ndege anayejulikana na kila mtu.

Ushahidi huo sasa una pa kwenda. Programu kama eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya kumbukumbu za ndege, na iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kwa viumbe wa kila aina, hupokea picha kutoka kwa yeyote mwenye simu, na watu wenye ujuzi husaidia kumtambua kiumbe. Kabla ya hizo, Neil na Liz Baker walikuwa wamekwisha kutumia miaka mingi kukusanya kumbukumbu za Atlasi ya Ndege ya Tanzania, nchi yenye aina zaidi ya 1,100 za ndege, na kazi ya namna ile hutegemea watu waliotawanyika kila wilaya. Tatizo ni kwamba watu wakiripoti, huripoti mbugani. Kumbukumbu za shomoro, hua na kunguru wa Tandika ni chache kuliko zinavyopaswa kuwa, kwa sababu kila mmoja anadhani mwingine ameshaandika.

Kwa mpiga picha mwenyewe, faida huja kwa njia ya kalenda. Nikizipitia picha za miaka iliyopita kwenye simu, naona mbayuwayu wa Ulaya wakianza kupanga mstari kwenye nyaya za umeme kuanzia Septemba na Oktoba, na kutoweka kufikia Aprili. Naona pia kereng'ende wa rangi ya dhahabu wakijaa juu ya nyasi za uwanja wa mpira msimu wa vuli. Hawa niliwachukulia kuwa wadudu wa madimbwi ya hapahapa, mpaka niliposoma kwamba mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alieleza hoja yake kuwa kereng'ende hao huvuka bahari kutoka India, wakipitia Maldivi, hadi Afrika Mashariki kwa kufuata pepo za msimu, wakazaa kwenye maji ya mvua, na vizazi vinavyofuata vikarudi, mzunguko wote ukizidi kilomita 14,000. Wazee wetu walijua kwamba majahazi huja na kaskazi na kurudi na kusi. Kwamba mdudu mwenye urefu usiozidi kidole huenda akatumia ratiba ileile ni habari iliyonifanya niitazame upya picha niliyokuwa karibu kuifuta ili kupata nafasi kwenye simu.

Sasa nije kwenye adabu, kwa kuwa raha hii inaweza kugeuka mateso kwa viumbe endapo wengi tutaifuata bila mipaka. Katika fukwe za kusini mwa Kigamboni kasa hupanda usiku kutaga, na shirika la Sea Sense limekuwa likishirikiana na wanavijiji kulinda viota vyao kwa miaka mingi. Mayai huanguliwa baada ya takribani miezi miwili, na vitoto vya kasa hujua njia ya baharini kwa kuelekea upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni upeo wa bahari. Mtu akiwasha tochi au flashi mbele yao huwapoteza, wakageukia nchi kavu, wakaliwa na kaa au kukauka jua litakapotoka. Kwa hiyo kasa wa usiku asipigwe picha hata kama picha hiyo ingeshinda tuzo. Hali kadhalika komba, yule anayelia usiku kwa sauti ya mtoto mchanga na ambaye wagema humlaumu kwa kuonja tembo lao: macho yake yameumbwa kukusanya mwanga kidogo wa usiku, na flashi humtia upofu wa muda akiwa juu ya tawi. Mwanga hafifu wa taa ya baraza unatosha, na picha ikitoka na ukungu, basi itoke na ukungu.

Viota visisogelewe kiasi cha kumfanya mzazi aondoke, kwa sababu kunguru humtazama mpiga picha na huenda mahali alipochungulia. Tumbili, kama wale wanaorandaranda Mlimani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wasipewe ndizi ili wakae vizuri mbele ya kamera. Tumbili aliyezoea ndizi huanza kupora mikoba ya wanafunzi, na mwisho wake hudaiwa auawe. Kumkamata kiumbe na kumfunga uzi ili apigwe picha ni ukatili, na kwa wanyamapori ni kosa pia chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, inayotaka kibali kwa yeyote anayekamata. Kuna hili pia ambalo wengi hawalijui: simu nyingi huweka ndani ya picha alama ya mahali ilipopigwa. Picha ya kiota cha bundi ikisambazwa na alama hiyo, anayemchukia bundi au anayemtafuta kwa ajili ya uganga ameoneshwa mlango. Alama hiyo huzimwa kwenye mipangilio ya kamera, na kuizima ni kazi ya dakika moja.

Kuna pia adabu kwa watu, ambayo naiona kuwa muhimu kuliko hata ile ya viumbe, maana kiumbe akikasirika huruka, bali jirani akikasirika humwita mjumbe. Mtu anayesimama nje ya ua wa mwenzake akielekeza simu juu ya mwembe ana kila sababu ya kushukiwa. Nimeulizwa mara nyingi, "Wewe dada, unapiga picha nini hapo?" na nimejifunza kwamba jibu bora ni kubisha hodi kabla ya kuulizwa, kusalimia, kueleza, na kumwonesha mwenye nyumba picha ya kwanza. Tangu nianze kufanya hivyo, watu wananiita wenyewe. Shangazi mmoja hunitumia ujumbe kila guruguru anapotokeza kwenye kuta za kisima chake, na fundi baiskeli wa kona huniwekea akiba ya habari: leo kenge amepita mtaroni, jana nguchiro wamevuka wakiwa kundi, wote wakikimbia mkia kwa pua. Kwa njia hiyo nimewafahamu majirani ambao kwa miaka tulikuwa tukiishia kwenye salamu.

Upande wa vifaa nitapita haraka, kwa kuwa wauza simu wamekwisha kuwachosha watu kwa mambo ya megapikseli. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole huharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu. Usikuze kwa vidole kiumbe akiwa mbali. Msogelee polepole kwa kupindapinda, si moja kwa moja, au kubali awe mdogo katika picha na umwache na mandhari yake. Shuka hadi usawa wa macho yake. Piga asubuhi na alasiri, kwa sababu jua la saa sita katika pwani yetu hufuta rangi zote na kuacha vivuli vikali. Kwa wadudu, viko vijilenzi vya kubana kwenye simu ambavyo huuzwa hata Kariakoo, na kwa bei ya mlo wa hotelini mtu huweza kuona nywele za miguu ya buibui.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni hili. Tenga kona moja kwa wiki, hata kama ni ya upana wa tangazo dogo, ambamo msomaji atatuma picha aliyoipiga mwenyewe ya kiumbe wa mtaani kwake, pamoja na tarehe, jina la kata au wilaya, na jina ambalo watu wa huko humwita kiumbe huyo. Wataalamu wa Idara ya Zuolojia na Uhifadhi wa Wanyamapori ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au wakufunzi wa Chuo cha Mweka, ambacho kimekuwa kikifundisha wahifadhi tangu mwaka 1963, wangeweza kuombwa waandike aya moja juu ya maisha ya kiumbe huyo, kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa darasa la sita atakielewa. Zisipokelewe picha za makinda yaliyo ndani ya kiota, za wanyama waliofungwa, wala za kasa wa usiku. Picha zisihaririwe kwa kuongezwa rangi, maana chozi hahitaji msaada huo. Wala kona hiyo isigeuzwe kuwa shindano la zawadi, kwa kuwa penye zawadi watu wataanza kufunga vinyonga kwenye vijiti.

Nina hakika kwamba wa Tabora, Mtwara na Bukoba watatuma viumbe ambao sisi wa pwani hatujawahi kuwaona, na sisi tutawatumia kaa wetu. Kama ofisi yako itahofia kwamba wiki za mwanzo zitakosa picha, anzeni na kunguru. Hakuna msomaji atakayedai kwamba hajampata.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mvukaji wa Pantoni,
Kigamboni, Dar es Salaam.